Chungu cha Tatu

Siku laini kuu ilipoanguka, Sechelela alikuwa amepiga magoti nyuma ya chungu cha pili, anakaza nati iliyolegea. Hakusikia kishindo. Alichosikia ni kimya: transfoma iliyokuwa ikinguruma usiku na mchana kwa miaka mitano ilikata sauti ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Akadondosha spana, akakimbilia chumba cha mitambo.

"Mizani, kuna nini?"

"Laini kuu imelala," Mizani ikajibu kutoka kwenye spika iliyokuwa juu ya mlango. Mizani haikuwa mtu. Ilikuwa akili ya mashine iliyogawa umeme wa kanda nzima, na tawi lake dogo liliishi humu kituoni. Ilisema Kiswahili cha taratibu, kama msomaji wa taarifa ya habari. "Upepo wa vumbi umeangusha nguzo kuanzia bondeni hadi mlimani. Mafundi watahitaji siku nne. Vituo vyote vya upande huu vimezimika isipokuwa hiki chako."

"Na mitambo ya upepo kule mjini Igose?"

"Imesimama. Laini ya kwenda kwao ingali nzima, ila huko hakuna upepo."

Sechelela akatazama kipimajoto cha nje. Ilikuwa saa nne asubuhi na nyuzi zilishapita arobaini na sita. King'ora cha mji kikaanza kulia, na kupitia dirisha akawaona watu wa Chilonwe wakitoka majumbani na mikeka na madumu ya maji, wengine wamebeba wagonjwa mgongoni, wote wakielekea Ukumbi wa Baridi. Katikati yao alimwona jirani yake amemshika mkono Wendo, binti yake wa miaka minne. Wendo alikuwa anaruka ruka. Watoto waliupenda ukumbi kwa sababu ndani yake mtu aliweza kucheza mchana.

Katika miaka hiyo jua la Oktoba halikuwa jambo la mzaha. Aliyebaki nje kutoka saa tano hadi saa kumi alikuwa anajiaga mwenyewe. Ndiyo maana kila mji ulikuwa na ukumbi mmoja wenye kuta nene na viyoyozi, na ndiyo maana Chilonwe ilijengewa vyungu.

Vyungu ndilo jina walilolipa watu. Zilikuwa betri tatu za chuma, kila moja kubwa kama nyumba, nusu zimefukiwa ardhini, na ndani yake mlikuwa na chumvi iliyoyeyuka kwa moto mkali. Umeme ulipokuwa mwingi vilijaa, ulipopungua vilitoa. Lakini vyungu vilikuwa na masharti yao. Vilijipasha moto kwa umeme wao wenyewe, na chungu kilichonyonywa hadi chini kilipoa, chumvi ikaganda, na sahani za kauri zilizokuwa ndani zikapasuka. Chungu kikishaganda hakina tena dawa. Mji mzima ulikuwa unalia joto, na vyungu vilikuwa vinaogopa baridi.

"Tuna akiba kiasi gani?" aliuliza.

"Vyungu vyote vitatu vimejaa. Ukiendesha ukumbi kwa vyote, utafika jioni, kisha vyote vitaganda. Kesho hutakuwa na kitu, wala miji mingine haitakuwa na kitu. Nakushauri usiwashe ukumbi."

Sechelela alidhani amesikia vibaya. "Nisiwashe?"

"Upepo wa Igose huamka alasiri. Natarajia saa tisa. Lakini mitambo ya Igose haiwezi kuanza kuzunguka bila kupewa umeme wa kuiamsha, na hakuna anayeweza kuipa isipokuwa wewe. Kuiamsha pamoja na laini yote na matawi yake kunahitaji vyungu vitatu vilivyojaa. Ikiamka, miji sita itakuwa na umeme leo, kesho na kesho kutwa. Isipoamka, hakuna."

"Na watu walio ukumbini toka sasa hadi saa tisa?"

"Wengi wataishi," ikasema Mizani. "Wazee na watoto wadogo, wengi wao hapana."

*

Mwenyekiti Ndahani aliingia bila kubisha, shati limemganda mgongoni. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, na siku hiyo midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mama Wendo, viyoyozi havijawaka. Watu mia tisa wako mle ndani, milango imefungwa. Tunangoja nini?"

Sechelela akamweleza. Ndahani alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti kama gunia lililotupwa.

"Wewe ufunguo unao?"

"Ninao." Sheria ilikuwa hivyo: Mizani ilishauri, lakini ufunguo wa mwisho ulikaa shingoni mwa mtu.

"Basi washa."

"Na kesho, mwenyekiti? Na Igose? Kule tayari ukumbi wao umezima. Kule watu ni mara kumi yetu."

"Mimi Igose hawakunichagua." Alisema kwa ukali, halafu aibu ikamshika, akajifuta uso kwa kiganja. "Mama, mama yangu yumo mle. Mwanao yumo. Usinifanyie hesabu za mashine. Washa, mengine Mungu atajua."

Sechelela aliushika ufunguo. Ulikuwa wa moto kwa joto la kifua chake. Akawaza Wendo anavyolala chali na mdomo wazi homa inapompanda. Kisha akawaza redio ya upepo, ya kuitana na vituo vingine, iliyokuwa pembeni ya meza, na mtu aliyekuwa upande wa pili wa redio ile.

"Mizani," alisema, "nikitumia vyungu viwili kwa ukumbi nikabakiza kimoja. Kimoja hakiwezi kuamsha mitambo kwa namna yoyote?"

"Kinaweza, kama laini itapunguzwa uzito. Kilomita nane kutoka Igose, penye njia panda, laini inagawanyika kwenda miji minne. Pana swichi nne za mkono. Mtu akizifungua zote, matawi yatakatika, na chungu kimoja kitatosha kuamsha mitambo peke yake. Swichi zikishapata umeme, nitayarudisha matawi mwenyewe. Lakini lazima mtu aende kwa miguu, kwa kuwa pikipiki za Igose ni za umeme na zimezima, na lazima afike kabla ya saa tisa."

"Mchana huu."

"Mchana huu."

"Atafika?"

"Mtu mwenye afya, akilowesha nguo, akienda taratibu, nafasi yake ya kufika na kufungua swichi ni nzuri. Watu kumi wakienda, tisa watafika." Sauti haikubadilika. "Nafasi ya kurudi ni mbaya. Penye njia panda hakuna kivuli. Katika kumi, watarudi wawili."

Ndahani alikuwa ameshasimama. "Umepata jibu lako," alisema. "Washa viwili." Akatoka mbio kuelekea ukumbini, asisubiri kusikia nani angetumwa.

Sechelela akaingiza ufunguo, akauzungusha. Chungu cha kwanza na cha pili vikaanza kutoa umeme, na kwa mbali akasikia sauti za watu mia tisa wakishangilia upepo wa baridi.

*

Alikuwa hajawahi kumwona Kusekwa. Kwa miaka mitano walikuwa wakizungumza kila asubuhi kwa redio ya upepo, kupima laini, yeye Chilonwe na mwenzake Igose, na kwa kuwa yeye alikuwa Mgogo na Kusekwa Msukuma, hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye adabu. Walitaniana. Wendo alipozaliwa, Kusekwa alitangaza redioni kwamba amesikia Chilonwe wamepata ng'ombe mdogo, apelekwe zizini. Baba yake Wendo alipofukiwa na machimbo, Kusekwa ndiye aliyekaa kwenye redio jioni ile yote, akiongea upuuzi mpaka akamchekesha, na baada ya kucheka ndipo Sechelela alipoweza kulia.

"Igose, Igose. Msukuma, upo?"

Mlio wa hewa, kisha sauti yake, nzito na kavu. "Nipo, mtani. Nimelala sakafuni kama mchembe wa kiazi uliosahauliwa juani. Mwenzangu umewasha?"

"Nimewasha viwili."

Kusekwa alikuwa fundi. Hakuhitaji kuambiwa maana yake.

"Sawa," alisema. "Huko una mtoto. Ningekuwa mimi ningewasha." Akakohoa. "Huku mambo ni mabaya, Sechelela. Tumewaweka watu kwenye mitaro ya maji machafu. Mke wangu Minza amemlaza mama yake kwenye pipa la maji. Tangu asubuhi nimeshafunga vitambaa kwenye nyuso za watu wanne."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitano kumwita kwa jina.

"Kuna njia," alisema Sechelela. Akamweleza kuhusu swichi nne, chungu kimoja na upepo wa saa tisa. Alisikia mwenzake akinyanyuka. Alisikia kiti kikiburutwa.

"Mizani inasemaje? Mtu anafika?"

"Inasema ukilowesha nguo na kwenda taratibu, utafika. Tisa katika kumi wanafika."

"Na kurudi?"

Alikuwa na pumzi moja tu ya kuamua, na baadaye, katika miaka yote iliyofuata, alijaribu mara nyingi kuirefusha pumzi ile ili ionekane ilimpa nafasi ya kufikiri. Haikumpa. Aliwaona Wendo na mama yake mwenyekiti. Aliwaona watu wa Igose wasio na sura, mitaroni. Akafikiri: nikimwambia, atasita. Akisita, wakati utapita.

"Kurudi, utapumzika penye njia panda mpaka jua lishuke," alisema. "Kuna kivuli cha kibanda cha swichi."

"Mimi sijakwenda kule tangu wajenge," akasema Kusekwa. "Haya. Kibanda ni kitu kizuri." Akacheka, kicheko kilichopasuka katikati. "Mtani, nikirudi utanilipa mbuzi. Wa kweli, siyo wale sungura wenu wa Ugogoni."

"Wawili, Msukuma. Nenda."

"Ngoja niloweshe blanketi."

Redio ilikuwa ya mezani, haibebeki. Aliiacha wazi, na Sechelela akasikia hatua zake zikienda, mlango ukigonga, na kwa mbali sana sauti ya mwanamke ikiuliza kitu na mwanamume akijibu kwa maneno mawili matatu, kama mtu anayekwenda dukani.

*

Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kungoja. Mizani ilituma mpigo mdogo wa umeme kwenye laini kila baada ya dakika chache, kama mtu anayegonga mlango asikie kama ndani mna mtu. Kila mpigo ulirudi na habari ile ile: matawi manne bado yameshikana.

Saa saba na nusu chungu cha kwanza kiliisha. Alikuwa hajawahi kusikia chungu kikiganda. Kwanza chuma kililia, mlio mrefu wa kujikunja, kisha kauri za ndani zikaanza kupasuka moja moja, kama bisi. Sechelela alikuwa ameisafisha betri ile kwa mikono yake kwa miaka mitano. Alisimama mlangoni akaisikiliza ikifa, na hakuweza hata kuihurumia, kwa sababu mawazo yake yalikuwa barabarani kwingine, kwa mtu aliyejifunika blanketi bichi.

Blanketi likikauka atafanyaje? Hakumuuliza kama amechukua maji ya akiba. Kwa nini hakumuuliza?

"Mizani. Blanketi linakauka baada ya muda gani?"

"Katika joto hili, kabla ya nusu ya safari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ilikuwa ndani ya hesabu."

Saa nane kasoro, mpigo ulirudi tofauti. Tawi moja lilikuwa limekatika.

"Amefika!" Sechelela alipiga kelele peke yake chumbani. Tawi la pili likafuata upesi. La tatu lilichelewa. Aliuma kidole mpaka kikatoa damu, nalo likakatika. Akangoja la nne.

La nne halikuja.

Nje, chungu cha pili kilianza kulia. Ndahani alimpigia simu ya ndani kutoka ukumbini: viyoyozi vinapunguza nguvu, watu wanaanza kusukumana, bibi mmoja amekata roho. "Ongeza chungu cha tatu, mama! Kidogo tu!"

"Siwezi."

"Nasema kidogo!"

"Mwenyekiti, fungua milango ya kaskazini, wamwagieni watu maji yote mliyonayo. Chungu cha tatu sikigusi." Akakata simu. Mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo. Kama Kusekwa ameanguka kabla ya swichi ya nne, basi chungu cha tatu hakiwezi kuamsha chochote, na kila dakika anayokihifadhi anawanyima watu wa ukumbini bure. Kama bado anatambaa kuelekea swichi ya nne, na yeye akikigusa chungu, basi amemuua bure.

"Mizani, yuko hai?"

"Sijui."

"Kisia."

"Siwezi kukisia mtu mmoja," ikasema Mizani. "Naweza kukisia kumi."

Akaketi sakafuni, mgongo umeegemea mtambo, akaanza kuzungumza na redio iliyokuwa wazi kwenye chumba kisicho na mtu. "Msukuma, amka. Msukuma mvivu wewe, umelala na kazi haijaisha. Bado moja. Moja tu. Amka, mbwa wewe, amka." Alimtukana matusi yote ya utani aliyoyajua, na alipoyamaliza akayaanza upya, machozi yakiingia mdomoni.

Dakika chache kabla ya saa tisa, mpigo ulirudi mwepesi. Laini ilikuwa tupu. Tawi la nne limekatika.

"Upepo wa Igose umeanza," ikasema Mizani. "Sasa."

Akazungusha ufunguo. Chungu cha tatu kilitoa kila kilichokuwa nacho kwenye laini, mishale ya vipimo ikaanguka, ikatetemeka, ikaendelea kuanguka, na Sechelela akawa ameshika ukingo wa meza kana kwamba ndiye anayeusukuma umeme ule kwa mabega. Kisha mishale ikasimama. Kisha ikaanza kupanda. Mbali huko, mitambo ya upepo ilikuwa inazunguka, na umeme wake ukarudi kwenye laini, ukaingia Chilonwe, ukakipasha chungu cha tatu kabla hakijaganda. Transfoma ikanguruma. Ukumbini watu walipiga vigelegele.

Siku hiyo Chilonwe ilipoteza wazee watatu, na mama yake Ndahani alikuwa mmoja wao. Wendo alikuja kituoni jioni, amelowa maji kichwa kizima, akilalamika kwamba amepoteza kiatu.

*

Redio iliita jua linapozama. Haikuwa sauti ya Kusekwa.

"Chilonwe. Mimi ni Minza, mke wa Kusekwa. Wewe ndiye mtani wake?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Vijana wamemleta. Walimkuta chini ya swichi ya mwisho. Mikono imebabuka yote, chuma kilimchoma." Minza alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu vitu asisahau. "Nataka kujua jambo moja. Alijua kwamba harudi?"

Sechelela alimtazama binti yake, aliyekuwa amelala kwenye kiti alichokikalia mwenyekiti asubuhi.

"Alijua," alisema.

Hewa ikakwaruza redioni.

"Basi kwa nini hakuniaga?" aliuliza Minza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo kama ya mtoto. "Nilimuuliza unakwenda wapi, akaniambia nakuja sasa hivi. Miaka kumi na minne, shemeji. Nimemkosea nini, ajue anakwenda kufa asiniage?"

Redio ikakatika. Sechelela aliita mara nyingi. Hakuna aliyejibu.

*

Alifika Igose kesho yake alfajiri kwa lori la maji. Siku hizo watu walizikwa mapema, kabla jua halijakomaa. Uwanjani palikuwa na makaburi mapya mengi kuliko wachimbaji. Alipojitambulisha kuwa ni mtani wa marehemu, watu walimpisha kwa heshima, maana mtani ana kazi yake msibani. Mzee mmoja hata alijitahidi kutabasamu, akingoja afanye vituko vya utani, amtukane maiti, awachangamshe wafiwa.

Minza alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alikuwa mwanamke mrefu, uso umechomwa na jua la jana. Sechelela akapiga magoti mbele yake.

"Shemeji, jana nilikudanganya. Hakujua. Aliniuliza kuhusu kurudi, nikamwambia kuna kivuli. Hakuna kivuli. Mizani ilishaniambia kwamba hatarudi, nikamficha, kwa sababu niliogopa atakataa na mwanangu alikuwa ukumbini."

Yule mzee akaacha kutabasamu.

Minza alimtazama. Kifua chake kilianza kupanda na kushuka, na Sechelela alidhani atapigwa, akashusha mikono ili apigwe vizuri.

"Kumbe hakunificha," alisema Minza. Akarudia, akijiambia mwenyewe, na uso wake ukalegea kwa kitu kilichofanana na nafuu. "Kumbe alidhani anarudi." Kisha macho yake yakamrudia Sechelela, na nafuu ile haikuwamo tena. "Angekwenda hata hivyo. Mume wangu ungemwambia ukweli, angekwenda. Wewe hukumjua. Lakini angekaa nami nusu saa. Angemwita mama yangu kwenye pipa. Angewashika wanawe vichwa. Ile nusu saa uliichukua wewe, na huwezi kunirudishia."

"Siwezi," alisema Sechelela.

Minza akawageukia wanaume waliokuwa wakichimba kaburi la mumewe, wamechoka, wameshachimba makaburi mengine tangu usiku.

"Ondokeni humo," alisema. "Mpeni huyu koleo."

Sechelela akashuka kaburini. Udongo wa Igose ulikuwa mgumu, mwekundu, wa moto hata alfajiri ile. Alichimba mpaka malengelenge ya mikono yakapasuka, na jua likaanza kuchungulia juu ya mitambo ya upepo, na hakuna aliyemwambia apumzike, wala hakuna aliyeondoka.